King'ora na Mguu wa Kulia

Wafanyakazi wake walimwita King'ora, naye alijua. Kwa miaka tisa alikuwa msimamizi wa chumba cha kushonea sare za shule: cherehani kumi na mbili kwa safu mbili, meza ya mkataji dirishani, meza ya pasi karibu na mlango. Kazi ilipokwama, alisimama katikati ya safu na kupaza sauti mpaka hata mpiga pasi, ambaye hakuhusika, akakunja shati lile lile mara mbili. Yeye mwenyewe hakuona ubaya. Kazi ilitoka, watoto walivaa.

Kisha mumewe, karani mstaafu wa posta, akapata kiharusi. Kilikuwa chepesi, lakini kilimwachia mguu mzito wa kulia na woga wa ngazi. Daktari akawaelekeza kwenye ukumbi mmoja ambako kila Jumamosi asubuhi mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliwafundisha wagonjwa kucheza dansi, wawili wawili, pamoja na wenzi wao.

"Dansi?" King'ora alisema njiani wakirudi. "Mtu hata kiatu hawezi kujivalisha."

"Kiatu utanivalisha wewe," mumewe akamjibu. "Kucheza nitacheza mwenyewe."

Jumamosi ya kwanza mwalimu, mwanamke mfupi mwenye raba nyeupe, alimpa King'ora kazi ya kuongoza. Akafurahi; kuongoza si ndiyo fani yake? Muziki ulipoanza alimkamata mumewe mkono na kiuno, akamvuta kushoto, akamgeuza, akamrudisha. Walipogeuka mara ya pili mguu ukabaki nyuma. Mzee akapepesuka, na mwalimu asingewahi kumdaka, angeanguka kifudifudi.

"Nilimwambia kushoto," King'ora akajitetea, jasho likimtoka.

"Ulimwambia ukiwa umeshaondoka," mwalimu akasema kwa upole. "Mguu wake unataka habari mapema, mama. Egemea kwanza. Subiri akuitikie. Ndipo mwende."

"Nikisubiri si muziki utatuacha?"

"Muziki utazunguka utawakuta. Nyonga ikivunjika ni habari nyingine."

Baada ya mapumziko zamu zikabadilishwa: mume aongoze, mke afumbe macho. King'ora aliyafumba shingo upande. Lakini kabla ya kila hatua alihisi kifua cha mumewe kikihamia kidogo upande wanakoelekea, mkono mgongoni ukimuuliza, kisha kimya kifupi. Ndani ya kimya kile alijikuta ameshajua pa kukanyaga. Walizunguka ukumbi mzima bila kugongana. Alipofumbua macho yalikuwa yamelowa, akasingizia vumbi.

"Umejifunzia wapi kuongoza, wewe?"

"Miaka thelathini na moja nakufuata," mumewe akasema. "Najua kila kinachomuuma anayefuata."

Alisema huku akicheka, na mkewe akacheka pia. Lakini Jumapili kutwa neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumatatu alikuta kola zimekwama. Oda ilikuwa ya mashati mia nne. Mikono ya mashati imefurika kapuni, kola zinatoka moja moja. Mshona kola alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja mvua ya mawe. King'ora akafungua mdomo, akaufunga. Akavuta kiti, akaketi kando yake, akatazama. Cherehani za jirani zikapunguza mwendo. Mpiga pasi akachungulia, akidhani kuna mtu amefukuzwa.

Baada ya robo saa akaona. Kila baada ya kola mbili tatu, yule dada alisimamisha cherehani, akachukua vipande na kuvipindua kimoja kimoja, kwa sababu vilitoka kwa mkataji vikiwa vimechanganyika, vingine uso juu, vingine uso chini.

"Tangu lini vinakuja hivi?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi! Na hukuniambia?"

Mshona kola akazungusha uzi kidoleni. "Ningekwambia saa ngapi, mama? Ukifika hapa unakuwa umeshajibu."

King'ora alihisi uso unamuwaka, na maneno yake ya siku zote yakampanda hadi kwenye meno. Akayameza. "Haya," akasema. "Twende kwa mkataji. Utamweleza wewe, mimi nitasikiliza."

Mkataji alishangaa kweli kweli. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa upande una maana; alichosikia miaka yote ni "harakisha". Akaomba makapu mawili, basi, moja la uso juu, moja la uso chini. Kufikia mchana kola zilianza kuikaribia mikono.

Si kwamba aligeuka malaika. Alhamisi vishikizo viliposhonwa vikiwa vimepinda, alimfokea mshonaji mbele ya wote mpaka sindano ikamtoka mkononi yule binti. Kesho yake asubuhi King'ora alisimama katikati ya safu na kumwomba radhi, tena mbele ya wote, maana ndipo alipomfokea. Oda ilichelewa siku moja, lakini hakuna shati hata moja lililorudishwa.

Miezi miwili baadaye alimpeleka mumewe kliniki, akafika kazini saa nne. Kutoka mlangoni alisikia cherehani zikienda kwa mwendo mmoja. Mshona kola alikuwa ameegemea meza ya mkataji, wanapanga kazi ya mchana, na mtu akacheka, na hakuna aliyegeuka. Aliumia kidogo, kuficha hakuna haja. Alisimama pale na mkoba wake, akijiuliza kama mahali pale bado panamhitaji.

Mwishowe akaingia, akasalimia, akauliza, "Wapi mmepungukiwa na mikono?"

"Kwenye vishikizo, mama."

Akavaa miwani, akatunga uzi, akavuta shati la kwanza.