Mmarekani Alipofika Soni

Niseme wazi mapema: kati ya Sefania na Hamza hakuna aliyekuwa na akili timamu likija suala la magari. Sefania alikuwa fundi wa magari pale Lushoto, Mlutheri, mwimba besi wa kwaya, mtu wa heshima zake mpaka uliguse gari lake. Hamza alikuwa dereva wa shamba la mkonge huko chini Mazinde, Mwislamu asiyekosa swala, na ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Walikuwa binamu. Mama yake Hamza, Bi Mwanamisi wa Irente, ni dada wa baba yake Sefania. Aliolewa na Mwislamu, akachukua dini na jina. Na binamu kwetu ni watani. Mtani akikutukana hununi, akikuchukulia kuku wako unamuuliza kama na chumvi anayo. Ukinuna, mwenye makosa ni wewe.

Magari yenyewe yaliletwa na ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Miaka ya nyuma hata sabuni ilikuwa ya kupangia foleni, sasa nani angeota gari la starehe? Kisha milango ikafunguliwa, vipuri vikaanza kuingia kutoka Mombasa na Dubai, na watu wakakumbuka vitu vilivyofunikwa maturubai. Shamba la mkonge lilisafisha banda lake, ndani mkakutwa Mustang ya Mgiriki mmoja aliyeondoka zamani. Hamza akaipata, akaifufua. Sefania naye, asije akapitwa na mtoto wa shangazi yake, akahangaika mpaka Tanga, akarudi na Alfa Romeo nyekundu, kadogo, viti viwili basi, iliyoachwa na mhandisi wa barabara. Hakuna aliyeyaita magari hayo kwa majina yake. Moja lilikuwa Mmarekani, la pili Mwitaliano.

"Huyo Mwitaliano wako ni kiatu cha bibi harusi," Hamza alikuwa akisema. "Mvua ikinyesha kinabebwa mkononi. Mmarekani wangu ana silinda nane. Nikimwasha Mazinde, kuku wa Mombo wanaamka."

"Kelele si mwendo," Sefania anamjibu. "Mmarekani wako ni fahali, anajua kwenda mbele tu. Mwoneshe kona uone anavyoduwaa. Kuanzia Mombo kupanda, hafiki kona ya tatu."

Ukweli ni kwamba wote wawili walisema kweli, ndiyo maana ubishi haukuisha. Pale tambarare, njia imenyooka katikati ya mkonge, Mmarekani alikuwa akinguruma mara moja tu na kukuachia vumbi. Lakini njia yetu ya mlimani imejikunja tangu mwanzo hadi mwisho, na huko Mwitaliano alikuwa nyumbani, anaingia kona na kutoka kama mwenyeji. Mmarekani alikuwa mzito, usukani uko kushoto, na rejeta yake ilizibwa kwa sabuni na dua.

Sasa sikiliza ujinga wa Hamza. Siku moja alimtuma Athumani, dereva wa lori la kabichi, akamwambie Sefania kwamba Hamza amefariki. Sefania akavaa koti jeusi, akamweka mkewe Secilia kwenye kile kiti cha pili na unga wa msiba mapajani, wakateremka wakilia kona zote. Kufika Mazinde, marehemu amekaa juu ya boneti ya Mmarekani, anatafuna hindi la kuchoma. "Nilitaka tushindane huku kwangu," akasema, "na wewe bila msiba huteremki." Wakashindana mpaka Mombo, koti jeusi mwilini, na Mmarekani akashinda vibaya sana. Secilia alinuna, maana yeye si mtani. Sefania hakuwa na ruhusa ya kununa. Alisema tu, "Siku nyingine ukifa, sishuki mpaka unuke." Watu walicheka, na neno hilo likapanda mlima mpaka Mtae.

Ndiyo maana Jumanne moja ya masika, Athumani aliposimamisha lori mbele ya gereji, Sefania alianza kutabasamu kabla hajasikia kitu.

"Binamu yako anaumwa," Athumani akasema. "Kifua kinambana. Anaomba umfuate na Mwitaliano umpeleke Irente kwa mama yake. Basi la abiria haliwezi, watu wanambana mno. Na amesema nikwambie kwamba amekubali. Kwenye kona Mwitaliano ndiye baba yao."

"Amekubali?"

"Ndivyo alivyosema."

Hapo Sefania akacheka mpaka akashika mlango wa lori asianguke. Hamza angesema anaumwa na kuishia hapo, labda moyo wa mwenzake ungeshtuka. Lakini Hamza kukubali! Mtu aliyebishana kwenye harusi yake mwenyewe, bibi harusi anasubiri! Huo ulikuwa mtego, na mtego wenyewe haukufichwa hata kwa jani.

"Wewe umemwonaje?" akauliza, akijifuta machozi.

"Amekonda kidogo. Lakini ninyi wawili mimi siwawezi," Athumani akasema, na hakuna wa kumlaumu, kwa sababu alikwisha kubebeshwa maiti mzima siku ile.

"Mwambie hajanuka bado. Na kama anamtaka mama yake, apande na Mmarekani. Nitamngoja kona ya tatu na maji ya rejeta."

Athumani akapakia kabichi zake za kupeleka Moshi, akateremka na jibu hilo. Mchana Sefania alimsimulia mkewe huku anakula. Secilia hakucheka. "Na kama ni kweli?" akauliza. "Hamza akubali kushindwa?" Sefania akamjibu mkewe. "Mama Paskali, wewe humjui yule." Akaomba aongezewe maharage. Nami nikikumbuka maharage yale napata hasira, maana Mwitaliano alikuwa nje, mafuta tele, kiti cha pili kitupu.

Alhamisi asubuhi lori likarudi kutoka Moshi. Athumani hakupiga honi kama kawaida yake. Alishuka, akasimama karibu na miguu ya Sefania iliyochomoza chini ya Land Rover.

"Nimemkuta Soni," akasema.

Sefania akajivuta akatoka. "Soni? Mmarekani amefika Soni?"

"Amefika."

"Mwendawazimu yule. Basi amenishinda, nakubali. Yuko wapi?"

Athumani akavua kofia, akaikunja mikononi, na Sefania akaitazama ile kofia kwa muda mrefu asitake kuinua macho.

Walikwenda pamoja, Athumani na lori, Sefania nyuma yake na Mwitaliano. Mmarekani alikuwa ameegeshwa vizuri kando ya barabara, karibu na maporomoko, pua yake imeelekea Lushoto. Boneti ilikuwa wazi. Nyuma ya tairi kulikuwa na jiwe, kama dereva wa maana afanyavyo mlimani, na pembeni madumu matupu ya maji. Hamza alikuwa kwenye usukani, kichwa kimeegemea kiti, kama anangoja injini ipoe. Sefania aliigusa injini, bado ilikuwa na moto. Kisha akamshika Hamza mkono, nao ulikuwa wa baridi.

"Nilipompa jibu lako alicheka," Athumani akasema. "Ameshika kifua, anacheka. Akasema, 'Kona ya tatu? Haya.' Kumbe leo ameondoka alfajiri."

Hamza hakupanda kwa hasira, mjue hivyo. Mtani akirushiwa neno hulirudisha, na yeye alikuwa anarudisha lake. Kila rejeta ilipochemka alisimama, akajaza maji, akaendelea, kona baada ya kona, na katika hizo zote Sefania hakuwako hata kwenye moja. Walimpandisha Hamza kwenye lori, juu ya magunia matupu ya kabichi, kwa kuwa gari la viti viwili halibebi maiti. Lingembeba akiwa hai, bila shida yoyote. Sefania alilifuata lori taratibu, kiti cha pili kikicheza kila penye shimo, na alilia mpaka akawa haoni njia.

Walimzika Irente siku hiyohiyo, baada ya alasiri. Kabla ya udongo kurudishwa, wazee waligeuka wakamtazama Sefania. Alijua wanachongoja. Mtani ndiye anayeupunguza uzito wa msiba, anamsema marehemu, anamwiga, watu wapumue. Akasukumwa mbele, koti lile lile jeusi mwilini. Lakini njiani alikwisha kata shauri kwamba atasema ukweli, wamfanye watakalo.

"Nimemwua mimi," akasema.

Wazee wakasogea wamsikie vizuri.

"Aliniambia anaumwa, nikamwambia hajanuka. Aliniomba kiti kimoja tu aje kwa mama yake. Nikamwambia apande na Mmarekani."

Mzee mmoja akaguna, mabega yakaanza kumtikisika. Kicheko kikaruka kwa wa pili, kikaenea mpaka kwa vijana wenye majembe. Walilikumbuka neno la kunuka, walikumbuka msiba ule wa uongo. "Nasema kweli jamani," Sefania akasema, sauti yake ya besi ikakatika, machozi yakamtoka mbele ya wote, na hapo ndipo walipocheka zaidi, wakasema hawajaona mtani anayeigiza kilio vizuri namna hiyo. Mmoja akampigapiga mgongoni. Udongo ukarudishwa.

Akaona kamebaki kamlango kamoja ka kuungama. Aliingia ndani kwa shangazi yake, akapiga magoti mkekani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba." Bi Mwanamisi alikuwa amevimba macho, lakini alikuwa amejitahidi kutabasamu. "Nimesikia mnacheka huko kaburini. Nikasema, Sefania huyo. Umemzika mwenzio vizuri."

"Shangazi, hawakunielewa. Hamza aliniita kweli. Nilikuwa na gari, nilikuwa na mafuta, nikakataa kumleta. Ni mimi."

Kikongwe akamshika kichwa kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akiwashika wote wawili walipokuwa wadogo.

"Utani umetosha sasa, baba," akasema. "Nimechoka. Kaa hapa karibu yangu unywe uji."

Sefania akapokea kikombe, akanywa.