Kiburu cha Meksiko

Mwaka 2002 bei ya kahawa ilianguka hata watu wa mlima Kilimanjaro wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Mektrida wa Kilema hakung'oa hata mmoja. Kikundi cha wakulima alichokuwamo kilikuwa kimeshapata mnunuzi wa moja kwa moja kutoka ng'ambo, na mwaka huohuo ikaja barua: wakulima wa kahawa wa nchi nyingi wanakutana Meksiko, nanyi leteni watu wawili pamoja na karani.

Karani hakuwa wa kutafutwa, alikuwa Evelyn wa ofisi ya kikundi pale Moshi mjini, binti mchangamfu aliyejua Kiingereza na aliyekuwa amejifunza Kihispania kidogo kwenye kaseti. Wa pili alikuwa mwenyekiti, Mzee Filemon wa Machame, mtu mrefu mwembamba wa miaka sitini na tisa, Mlutheri wa kupigiwa mfano, asiyevua kofia yake ya pama ila kanisani na mezani. Wa tatu wakamchagua Mektrida. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minne, na ulimi wake ulijulikana vijiji vyote vya jirani: ukimpa kikombe cha kahawa alikuambia ilianikwa siku ngapi na kama mvua iliinyeshea.

Siku ya kuondoka, uwanja wa ndege, mke wa Mzee Filemon, Mama Tabitha, alimvuta Mektrida pembeni akamshika mkono.

"Mama Denis, nakukabidhi mzee," alisema. "Maneno anayajua na kazi anaijua. Kula ndiko hajui. Asichokiona kikipikwa hakigusi."

Mektrida akaahidi, kama watu wanavyoahidi uwanja wa ndege.

Mkutano wenyewe ulifanyika milimani, kwenye mji wa baridi wenye mashamba ya kahawa kila upande, na ulikwenda vizuri. Mzee Filemon alihutubia kwa Kiswahili, Evelyn akatafsiri, watu wakapiga makofi. Chakula kilikuwa kuku na wali, na kuku ni kuku. Tatizo lilianza mkutano ulipokwisha. Ndege ya kurudi ilikuwa Jumapili jioni, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Wenyeji wakaona wageni wa mbali wakapumzike ufukweni, wakawapakia kwenye basi, wakawashusha mpaka baharini. Evelyn alibaki mjini kumalizana na wanunuzi. Angewafuata Jumapili asubuhi. Kwa hiyo wazee wawili wa Kilimanjaro wakajikuta kwenye hoteli ya pwani, kila mmoja amevalishwa bangili ya plastiki ya rangi ya chungwa. Mwenye bangili, walivyoelewa, aliruhusiwa kula chochote wakati wowote.

Kulikuwa na vingi. Meza ilianzia mlangoni ikaenda mpaka dirishani. Kulikuwa na samaki mbichi aliyekatwakatwa na kukamuliwa ndimu, kulikuwa na pweza, kulikuwa na kamba wenye ndevu na macho yao. Mzee Filemon aliinama akamtazama kamba mmoja kwa muda.

"Huyu bado anaangalia," akasema, akachukua kipande cha mkate.

Hata kwao Machame samaki hakuwa chakula chake. Alilelewa kwa ndizi, maziwa na nyama, na samaki aliowajua ni wale wakavu waliofungwa kwenye magunia sokoni, ambao aliwapitia ng'ambo ya pili ya njia. Alhamisi usiku akala mkate. Ijumaa asubuhi akala mkate, akaomba chai, akaletewa chai yenye barafu. Akaitazama, akairudisha kwa heshima. Mektrida alijaribu kumtafutia yai, lakini yai lilikuja limefunikwa jibini na kitu chekundu, naye akasema asante, atakula Moshi.

"Moshi ni Jumanne, baba," Mektrida akamwambia.

"Nimewahi kufunga siku zaidi ya hizo."

Walikuwa wakiongea Kiswahili, maana Kichagga cha Machame na cha Kilema havisikilizani, na kwa Kiswahili Mzee Filemon alikuwa na ukali wa mwalimu. Lakini Mektrida aliona jinsi alivyoshika nguzo alipoinuka. Mzee alikuwa na vidonge vya presha, na vidonge havimezwi juu ya mkate mkavu siku nne. Akakumbuka ule mkono wa Mama Tabitha. Akamwacha kwenye kiti chini ya mwavuli wa makuti, akaenda kutafuta mahali pa kula.

Hakumuuliza mtu wa mapokezi. Yule angemwelekeza kwenye meza ileile, au kwenye mahoteli mengine yaliyopangana ufukweni, kila moja na kamba wake. Mektrida alifanya alivyokuwa akifanya siku zote akiwa mji wa ugenini, iwe Tanga au Dodoma: alitazama wafanyakazi wanakwenda wapi. Saa sita mchana wanawake wawili waliofagia vyumba walitoka mlango wa nyuma, wakafungua aproni zao, wakavuka barabara. Mektrida akawafuata kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Wakapita mabasi yaliyoegeshwa, wakapita fundi viatu, wakaingia sokoni. Mwisho wa soko palikuwa na banda la bati lenye benchi tatu na moto wa kuni. Na kwenye boriti ya banda hilo ulining'inia mkungu mzima wa ndizi, mbichi, wa kupika.

Baadaye alipowasimulia watu wa Kilema alisema hajui hata alivyovuka ile njia ya katikati ya soko. Alijikuta tu amesimama chini ya mkungu, ameshika ndizi moja kama mtu anayemsalimia mtoto wa ndugu yake.

Mwenye banda alikuwa mwanamke mnene wa umri wake, kitambaa kichwani, mikono ya mpishi. Akasema neno, Mektrida hakulielewa. Mektrida akasema neno, yule hakulielewa. Basi mwanamke akachukua bakuli, akamwonyesha. Ndani mlikuwa na ndizi zilizochemshwa zikapondwa. Akachota donge, akalitoboa katikati, akatia maharage meusi yaliyosagwa, akalifunga, akalitupa kwenye mafuta. Lilipokuwa la kahawia akaliopoa na kumpa kwenye jani.

Mektrida akauma. Kwao ndizi na maharage zikipikwa pamoja na kupondwa huitwa kiburu, nacho ni chakula cha kila nyumba mlimani, cha mchana, cha shambani, cha mtu aliyechoka. Hiki kilikuwa kiburu. Kilikuwa kimekaangwa na kuvalishwa koti, lakini ndani ya koti kilikuwa chenyewe. Akacheka kwa sauti, na wale wafagiaji wawili wakageuka kumtazama, kisha nao wakacheka bila kujua sababu.

Akajigonga kifua akataja jina lake. Yule mwanamke naye akajigonga akasema, "Rosario." Mektrida hakuhitaji mkalimani hapo, alitia mkono mfukoni akatoa rozari yake ya mbao aliyopewa na masista wa misheni, akaiinua. Rosario akaipokea, akaibusu, akamrudishia, kisha akamvutia kiti. Toka hapo mambo yalikwenda.

Kumleta Mzee Filemon ndiyo ilikuwa kazi. Alimkuta palepale chini ya mwavuli, kofia imefunika uso. Akamwambia kuna mahali amepata kiburu.

Mzee akainua kofia taratibu. "Mama Denis," akasema, "usinitanie. Mimi ni mtu mzima na nina njaa."

"Inuka, baba, ukaone kwa macho yako."

Akainuka, kwa sababu ameambiwa ataona. Rosario alimkaribisha kwa mikono miwili, na Mektrida akamwomba kwa ishara apike upya, mzee ashuhudie. Mzee Filemon akasimama kando ya jiko kama mkaguzi wa shule. Aliona ndizi zikipondwa. Aliona maharage. Aliuliza mafuta ni ya nini, Mektrida akamwonyesha chupa. Basi akaketi, akavua kofia, akaomba sala ndefu kuliko kawaida yake, akala kimoja. Akala cha pili. Alipofika cha tano aliona kibakuli cha kitu chekundu akadhani ni nyanya, akachovya kwa ukarimu. Ilikuwa pilipili. Machozi yakamtoka, akanywa maji ya Mektrida na ya jirani yake, na watu wa benchi zote wakawa upande wake, huyu anampa ndimu, huyu chumvi. Alipopata pumzi akachovya tena, kidogo.

"Haya ndiyo maisha," akasema, na hakuna aliyejua kama anasema kwa Mungu au kwa Rosario.

Jumamosi Mektrida alifika bandani mapema na kilo tatu za nyama alizonunua sokoni humo humo. Alitaka kurudisha wema kwa namna aliyoijua. Akamenya ndizi na Rosario, akapika machalari: nyama kwanza mpaka ilainike, kitunguu, nyanya, kisha ndizi juu, moto mdogo, na mtu asikoroge ovyo zisije zikavunjika. Ndizi zilikuwa ngumu kuliko mshare, ndizi ya kupika ya kwao, ikabidi azipe muda. Rosario alitazama kila hatua. Mwishoni akachukua ndimu akataka kuikamulia sufuriani. Mektrida akamzuia mkono. Wakatazamana. Rosario akachota mchuzi kwenye kikombe, akakamulia humo, akampa aonje. Mektrida akaonja, akafikiri, ule ulimi wake ukipima. Kisha akasogea pembeni ya sufuria akamwachia nafasi.

Ile sufuria ilikwisha kabla ya saa saba. Wafagiaji walileta wenzao wa jikoni hotelini, watu waliokuwa wakipika wale kamba siku nzima, nao wakala machalari wamesimama. Mzee Filemon ndiye aliyekwenda kuwachukua wajumbe wengine wa mkutano. Aliwakuta kwenye viti vya ufukweni, Wahindi wawili na mkulima wa Peru na mke wake, akawaonyesha kwa mkono kwamba hapa si pa kula, nifuateni. Wakamfuata. Aliwapanga kwenye mabenchi, akawaonya kuhusu pilipili kwa kuushika ulimi wake, na alipoona ndizi zinapungua akavuta kigoda, akachukua kisu, akaanza kumenya. Nyumbani kwake hakuwa amemenya ndizi tangu aoe.

Hivyo ndivyo Evelyn alivyomkuta Jumapili. Alikuwa amefika hotelini na gari, akaambiwa wageni wake hawajaonekana mezani tangu Ijumaa, akaingiwa na hofu. Alikuwa amewaandikia hata orodha ya mahali pazuri pa kula, aliyoipata kwa watalii mjini. Mfagiaji mmoja akamwonyesha njia ya soko. Akamwona mwenyekiti wa kikundi chake amevaa aproni ya maua, maganda ya ndizi yamemjaa miguuni.

"Shikamoo, mzee," akasema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Kaa pale mwisho, hapo pana moshi."

Siku hiyo Rosario aliwaandalia chakula cha kuagana. Kila mtu aliwekewa kifurushi cha jani la mgomba kilichookwa juu ya makaa. Mzee Filemon alipoona jani la mgomba hakuuliza kitu. Jani hilo lilikuwa la kwao. Akafungua, akala, akasifu nyama ilivyolainika. Mektrida alikuwa ameona kilichotiwa ndani, akatazama meza. Lakini Evelyn hakujua habari za siku zile tatu.

"Kumbe siku hizi unakula samaki, mzee," akasema.

Mzee Filemon akatazama kile kipande mkononi, akakigeuza. Akamtazama Mektrida, ambaye alikuwa anachunguza sana kikombe chake.

"Huyu si samaki," akasema hatimaye. "Samaki nawajua." Akaendelea kula mpaka jani likabaki jani.

Ndege waliiwahi kwa shida, kwa sababu Rosario hakutaka kuwaacha.

Kwenye kikao cha kutoa taarifa, Moshi mjini, wanachama walitaka habari za mnunuzi, nao walipewa. Kisha Mzee Filemon akaongea nusu saa kuhusu mahali pa kula, mpaka Wenseslaus wa Sanya Juu akauliza kama mkutano ulikuwa wa kahawa au wa mapishi. Mektrida yeye alirudi kwenye mibuni yake. Jumapili moja baada ya misa alikaanga kiburu kwa wajukuu, na shemeji yake akasema ni kuharibu ndizi, akala vinne.

Karibu na Krismasi ikaja barua ofisini ikiwa na picha ndani. Evelyn akapanda nayo Kilema, wakaketi barazani, akaisoma polepole, akiruka maneno asiyoyajua. Rosario alisema anapika machalari kila Jumamosi sasa. Wageni wa hoteli wanaovuka barabara wamekuwa wengi; wakiuliza mahali pa kula wafagiaji wanawaleta wenyewe. Kwenye ubao amekiandikia chakula kile jina la Mektrida, kwa sababu lile jingine limemshinda. Ila kuna jambo linamsumbua: mara nyingine ndizi zake zinavunjika zikawa uji. Anakosea wapi?

Mektrida alishika ile picha karibu na macho. Benchi zilikuwa tano sasa.

"Mwandikie," akasema. "Mwambie anakoroga. Namjua, mkono wake hautulii. Mwambie atikise sufuria tu, aache mwiko."

Evelyn akaandika.

"Na umwambie ile ndimu," Mektrida akaongeza, "hapa Kilema sasa ninaitia. Lakini simwambii mtu."