Mwezi Bila Kahawa

Miaka thelathini Mzee Jabiri aliwasagia watu wa Handeni mahindi yao. Alipoiacha mashine, mlio wake haukumwacha. Ulibaki sikioni, mwembamba kama wa nyenje, kutwa kucha. Muuguzi wa Korogwe hakumwahidi kupona. Alisema apunguze kahawa na chumvi mwezi mmoja, waone. Wengine huwasaidia, wengine hapana.

Mwaija, binti yake, alisikia kupunguza, akakata kabisa. Chumvi aliificha, hata majani ya chai akampa jirani, na akamkataza baba yake kwenda kijiweni alikokuwa akinywa kahawa kila alasiri na Mustapha, rafiki yake tangu jandoni.

"Mboga hii umeipika au umeiosha tu?"

"Kula, baba. Sikio linasemaje?"

"Linasema lina njaa."

Wiki ya kwanza alitania. Ya pili akanyamaza. Nyumba ikawa kimya, na ndani ya kimya kile mlio ukazidi kusikika.

"Hata Mustapha," alisema siku moja. "Kumbe mtu usipokunywa naye, hakujui tena."

Mwaija alikuwa anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta.

Wiki ya tatu Mustapha alianguka shambani kwake, hakuinuka.

Siku ya matanga baba aliingia kumpa pole Hajira, mjane wa rafiki yake. Mwaija alisimama nyuma yake.

"Alikuja kwako mara mbili, shemeji," Hajira alisema. "Akaambiwa umelala."

Baba alimpa pole tena, kana kwamba hakusikia. Walirudi kwa miguu, yeye mbele. Nyumbani Mwaija aliwasha mkaa, akachemsha kahawa, akamwekea kikombe. Hakukigusa.

"Alikuja na birika?"

"Mara ya kwanza."

"Na ya pili?"

Mwaija aliketi chini. "Mikono mitupu. Alisema atakaa tu na wewe, bila kunywa. Mimi nikaogopa ukimwona utaitamani kahawa."

"Nilikuwa nimelala?"

"Ulikuwa nyuma ya nyumba, unachambua kunde."

Baba alikitazama kikombe. Moshi wake ulikuwa umekwisha.

"Hapo nyuma tu," alisema. "Na mimi nisimsikie. Mlio huu."

Mwaija angeweza kuuachia mlio lawama hiyo. Alivuta kanga yake, akaikunja, akaikunjua.

"Si mlio, baba. Alinong'ona. Hakutaka kukuamsha."