Kiungio Kilichogoma Kuachia

Siok-bi alikuwa amelala chali chini ya kigari cha mizigo cha Mjomba Bok-lim, akikisugua kwa brashi kiungio cha bomba la petroli. Tope la mashamba ya tangawizi lilikuwa limekauka humo kama saruji. Chujio la petroli lilikuwa limeziba, hilo halikuwa na ubishi. Lakini ili litoke, viungio viwili vya plastiki, kimoja kila upande, vilipaswa kuachia kwanza. Vilikuwa na umri wa gari lenyewe, na madukani havikuwapo tena. Kimoja kikivunjika, gari lingelala hapo majuma kadhaa, na tangawizi changa alizokwisha kung'oa mzee zingenyauka kabla hazijafika mnadani.

"Binti, usije ukanivunjia," mzee akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Nimeshawapigia mafundi wa mjini waje na gari la kuvuta. Angekuwa marehemu mumeo ningemwachia, lakini wewe..."

"Mimi nimefanya nini, mjomba?"

"Hujafanya kitu. Ndiyo shida yenyewe. Umelala tu huko chini."

"Sijalala. Nangoja mafuta yalainishe."

Tangu mumewe, aliyekuwa fundi wa magari, afariki, watu wa kijiji walimletea pikipiki na pampu za maji. Magari yalishuka mjini. Hili lilikuwa la kwanza kuletwa kwake. Likiondoka hapo likivutwa kwa kamba, hakuna jingine ambalo lingekuja, naye alilijua hilo. Ila kazi yake pia aliijua. Betri alikuwa ameitenga, presha ya petroli ameitoa. Mama mkwe wake, Bi Kim-hoa, alikuwa amelihamishia jiko la chai ng'ambo ya barabara bila kuambiwa na mtu, moto usikaribie.

Akakivuta kiungio kidogo, kupima tu. Hakikutikisika.

Mzee akasimama, akajipangusa suruali. "Basi. Nawangojea barabarani."

Bi Kim-hoa alikuwa anakuja na bakuli la tambi nyembamba za mchuzi. Milimani kule, mgeni akisimama haondoki mara ya kwanza. Hushikwa mkono akarudishwa kitini, akakataa, akarudishwa tena. Akishasukumwa ndani vya kutosha, ndipo anaachiwa, na hakuna anayebaki na kinyongo.

"Unakwenda wapi, kaka? Kaa."

"Nimeshiba, dada."

"Umeshiba nini? Hujala kitu." Akamkandamiza bega kwa mkono mmoja. Mzee akakaa.

Chini ya gari Siok-bi akacheka. "Umeona mama alivyokufanya, mjomba? Na mimi hiki nakifanya hivyo hivyo. Ukikivuta tu, meno ya ndani yanazidi kung'ang'ania. Unakirudisha ndani kwanza, unakibana masikio yake haya ya pembeni, halafu kinatoka chenyewe."

"Kwa hiyo mimi ni kiungio?"

"Kiungio kikorofi," Bi Kim-hoa akasema. "Kula."

Siok-bi akakisukuma kiungio ndani, kuelekea kwenye chujio. Mchanga ukasagika. Akakizungusha kushoto, kulia, akatia tone jingine la mafuta, akakisukuma tena mpaka akahisi kimeingia upana wa unywele mmoja zaidi. Hapo akayabana masikio mawili ya kiungio kwa vidole, si kwa koleo, na kukivuta taratibu. Kikaachia. Petroli kidogo ikadondokea kwenye kopo alilokuwa amelitega. Akakipapasa pande zote: hakikuwa na ufa hata mmoja.

"Kimoja tayari," akasema.

Cha pili kilikuwa kimejificha nyuma ya fremu, gizani, na bomba lake lilikuwa na kutu. Kabla hajaomba chochote, alisikia bakuli likiwekwa chini, magoti ya mzee yakilia, na mwanga wa tochi ukaingia ubavuni mwake. Mzee alikuwa amelala kwenye boksi lililokunjuliwa, na shati lake safi hivyo hivyo.

"Kushoto kidogo, mjomba."

"Hapa?"

"Hapo hapo. Usipumue."

Akasukuma, akazungusha, akangoja, akasukuma tena. Mwanga wa tochi haukuhama. Kilipoachia, wote wawili walisikia mlio wake mdogo.

Mzee akajikokota nje, akaenda mpaka ukutani, akawapa mgongo. Akaongea na simu kwa sauti ya chini, Siok-bi asiaibike kujua kwamba gari la kuvuta lilikuwa njiani kweli, si maneno tu ya kumtisha.

"Geuzeni," akanong'ona. "Hapana, hakuna kilichovunjika. Fundi wetu ameliweza."

Siok-bi, chini ya gari, alisikia kila neno. Akanyoosha mkono kuchukua chujio jipya.