Mpira wa Pili

Mpira wa kwanza Wenceslao, dereva wa lori la mafuta, huufunga kabla sijamaliza kumsalimu. Wa pili ndio mgogoro. Wa kwanza unashusha petroli kutoka kwenye lori hadi tenki letu la chini ya ardhi. Wa pili unarudisha mvuke wa petroli kwenye lori. Usipofungwa, mvuke wote hupanda bomba la hewa la tenki na kutokea nyuma ya kituo chetu cha mafuta, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, haupai. Unashuka ukutani, unatambaa chini, unatafuta moto.

Na moto ulikuwepo. Nyuma ya ukuta huo, hapa Ecatepec, Doña Hermelinda alikuwa ameweka jiko la gesi akikaanga kesadiya, chapati zake za mahindi zenye jibini. Kumfukuza sikuweza. Ni mama mkwe wa Don Abundio, mwenye kituo, na mimi ni msimamizi wa zamu tu.

"Mama, sogeza jiko," nilimwambia tena asubuhi ile. "Sheria hairuhusu moto hapa."

"Eduviges, mwanangu, hiyo sheria imekula? Ipe kesadiya moja, itatulia."

Wateja wakacheka. Nikampigia simu Don Abundio.

"Si umwambie," akasema.

"Nimemwambia mpaka nimechoka."

"Basi mwambie kwa upole." Akakata.

Nilipogeuka, lori la Wenceslao lilikuwa limeshaanza kushusha mafuta, na mpira wa pili umelala chini kama nyoka aliyeshiba.

"Wences! Funga huo!"

"Kifungio chenu kimekwama, bosi. Niache nimalize, nina vituo vingine."

"Simamisha mafuta."

"Dada, mbona unapenda ugomvi?"

Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Harufu ya petroli ilijaa kila mahali. Sikubishana tena. Nilibonyeza kitufe cha dharura, pampu zote zikazimika, kisha nikakimbilia valvu ya lori na kuifunga mwenyewe, Wenceslao akinivuta mkono. Honi zikaanza.

"Bibi, umeamkia upande gani leo?" dereva wa teksi akapiga kelele.

Nikazunguka ukuta mbio. "Mama! Zima jiko! Zima sasa hivi!"

"Acha nigeuze hii moja."

Hii moja! Alikuwa bado ameshika mwiko, moto wa buluu ulipopita chini ya ukuta kwa mshindo kama wa shuka inayochanwa. Ukamdaka aproni. Nilimvuta kwa nguvu zote, tukaanguka pamoja barabarani, nami nikimpigapiga kwa sweta langu. Wenceslao alitokea na mtungi wa kuzimia moto. Akatumwagia unga wote, mama, mimi, jiko na jibini. Sitamnyima haki yake: hakukimbia.

Doña Hermelinda aliungua mguu. Gari la wagonjwa lilipomchukua alikuwa akiuliza nani anaangalia jiko.

Don Abundio akafika. Neno lake la kwanza: "Nani kazima pampu?"

"Mimi. Na valvu ya lori nimeifunga mimi. Ukitaka kunifukuza nifukuze, lakini nenda kwanza hospitali kwa mama mkwe wako."

Akautazama ukuta mweusi. Kesho yake fundi akaja kubadilisha kile kifungio, ambacho nilikuwa nimeomba kibadilishwe tangu kabla ya mvua, na kazi yenyewe ilikwisha kabla kahawa yangu haijapoa. Nilitaka kulia kwa hasira.

Mama amepona. Sasa anauzia ng'ambo ya barabara, na huwaambia wateja kwamba yeye alituonya siku zote kuwa petroli si mchezo. Nikipita husema kwa sauti, "Huyu hapa, mbishi kweli kweli."

Wenceslao naye siku hizi anaanza na mpira wa pili. Akishaufunga huniangalia kana kwamba nimemwibia.

"Umeridhika, bosi?"

Nasimama palepale mpaka tone la mwisho liingie.