Tembo Kumi na Mmoja

Kaka mtu aliitwa Redio, na jina hilo hakulinunua dukani. Alikuwa mshereheshaji wa harusi. Ukimzima hapa anawaka kule, na betri haiishi. Mdogo wake wa kike hakuwa na jina la utani, maana watu hupenda kumtania mwenye nafasi ya kujibu, na yeye kwa miaka minne hakuwa na nafasi hata ya kukaa akamaliza chai. Alikuwa akimtunza baba yao, dereva wa lori mstaafu, ambaye macho yalimuaga moja baada ya jingine.

Baba na binti walikuwa na mtindo wao. Mgeni akija na maneno yake, Mzee alinyoosha mkono pembeni na binti akamminya kiganja. Mara moja, kweli. Mara mbili, uongo. Kwa njia hiyo muuza miwani aliyeapa kwamba yake inarudisha macho alitolewa sebuleni na mkoba wake, akiwa bado anajiuliza kipofu amemjuaje. Mzee alikuwa na msemo: macho yangu yako kwenye mkono wa huyu mtoto, na hayajawahi kunidanganya.

Sasa, ndani ya pochi ya huyo mtoto mlikuwa na barua ya chuo cha uuguzi. Ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza alizijibu kwa kuomba radhi, na hii ilisema wazi kwamba asiporipoti Jumatatu, nafasi anapewa mwingine na asisumbue tena. Mtu pekee wa kumpokea Mzee alikuwa Redio. Mzee hakukataa wala hakukubali. Alisema wampeleke mlimani, kwenye hifadhi, wazunguke na gari kutwa nzima, na jioni wakitoka getini atasema kama anaweza kuishi na Redio au hawezi.

Asubuhi, walipokuwa wakijaza upepo, Redio alimvuta mdogo wake nyuma ya gari.

"Mdogo wangu, mimi nimekubali kuendesha. Mzee sijamkubali," alisema, huku akipiga teke tairi. "Kutwa nzima na mdomo wangu huu, atakataa mwenyewe. Na mimi nitasikitika sana, utaniona."

Binti aliingia nyuma akaketi na baba yake. Mbele aliketi wifi yake, mke wa Redio, mwanamke wa kucheka hata kabla kichekesho hakijafika.

Getini askari wa hifadhi aliwasomea masharti: mwendo mdogo, msishuke ila kwenye vituo vya kutazama, mrudi kabla ya saa kumi na mbili. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Walipovuka daraja la kwanza ukungu ukawapokea, na usiwaze ule ukungu mwembamba wa picha za kalenda. Huu ulikaa juu ya boneti ukagoma kushuka. Redio aliwasha waipa kufuta kioo. Ya upande wa kulia ikawa inalia kwii, kwii, kila ikipita. Kulia hakuna kitu, kushoto hakuna kitu, mbele kuna barabara ya kutosha gari moja na nusu ya dua.

"Mabibi na mabwana," Redio alianza, kwa sauti ile ya kumwingiza bibi harusi ukumbini, "upande wetu wa kushoto, tembo."

Wifi akaufunika mdomo kwa mtandio.

"Wangapi?" Mzee aliuliza, amekwishageukia dirisha.

"Kumi na mmoja, Baba. Wa kumi na mmoja ni kitoto, kinanyonya. Mama yake anatutazama sisi hivi, kama tuna deni lake."

Kushoto kulikuwa na kalavati na mawe ya wajenzi wa barabara. Mzee alinyoosha mkono juu ya kiti, akapapasa, akaupata wa binti yake. Kwenye kioo cha kutazamia nyuma, macho ya Redio yalikuwa yakiutazama mkono huo, si barabara. Ndipo binti alipoelewa mchezo wote. Redio hakuwa anamtania baba yake tu. Alikuwa anasubiri mkono uminywe mara mbili. Mara mbili, Mzee ajue anafanywa katuni, akasirike, akatae, na barua ya tatu izifuate zile mbili.

Akaminya mara moja.

Uso wa Mzee ukafunguka. Aliinamia kioo cha dirisha mpaka pua ikaacha alama ya jasho. "Kumi na mmoja," alisema taratibu, kama anayepewa chenji kubwa kuliko pesa aliyotoa.

Kwenye kioo Redio alikunja uso kidogo, kisha akatabasamu. Kama ndivyo, haya. Akaongeza moto. Baada ya kona mbili kulikuwa na nyati mwenye pembe moja. Baada ya tatu, maporomoko ya maji yenye upinde wa mvua, na chini yake nyani anaoga na kujisugua mgongo kwa jani. Kila mara mkono wa Mzee ulikuja kuuliza, na kila mara ulijibiwa mara moja. Wifi alicheka mpaka akadai ana kwikwi. Ajabu yake, ilipofika nyani, binti mwenyewe alijikuta anauma mdomo kwa ndani asicheke. Hilo la kucheka ndilo lililomtisha kuliko la kudanganya.

Mchana walifika kituo cha juu. Kilikuwa na viti vinne vya saruji, ukingo wa mawe, choo, na tangi jeusi la maji juu ya mnara wa vyuma. Zaidi ya hapo dunia ilikuwa imefutwa. Familia nyingine ilikuwa ikila mayai ndani ya gari lao, vioo vimepandishwa.

Mzee alishuka akashika ukingo.

"Haya mawe nimeyaleta mimi," alisema. "Na saruji yake. Safari arobaini na kitu. Tunafika alfajiri, mlima umejifunika, tunashusha mzigo, msimamizi anatufukuza tushuke. Kilele sijakiona hata siku moja. Ndicho nilichokuja kuomba leo. Kipo wazi?"

Binti alimtazama kaka yake, akamwomba kwa macho asiseme. Redio aliona. Akamshika Mzee mabega, akamgeuza polepole mpaka akaelekea tangi la maji.

"Hicho hapo, Baba. Wazi kabisa. Theluji juu, jiwe jeusi chini, na kawingu kamoja kamekaa pembeni kanaogopa kukigusa."

Mzee alivua kofia. Ndani ya lile gari jingine mtu aliacha kutafuna yai akatoa simu ampige picha kizee anayeliamkia tangi. Mkono wa Mzee ukaja. Haukupapasa safari hii. Ulijua ulipo mwenzake.

Binti alihesabu siku. Leo Jumamosi. Kesho Jumapili.

Akaminya mara moja.

"Basi nimekiona," alisema Mzee. Alisimama hapo muda wa kuchemka birika, kichwa wazi, ukungu ukimlowesha mvi, na hakuna aliyethubutu kumwambia avae kofia.

Waliposhuka Redio hakuwa na tembo tena. Alikuwa ameshindwa, na alijua. Hata waipa aliiacha ilie peke yake.

Getini yule askari alichukua kikaratasi chao, akainama dirishani. "Shikamoo, Mzee. Poleni sana kwa leo. Siku ya nne hii kilele hakijatoka, na kwa ukungu ule hamkuona hata sungura. Mje kiangazi."

"Marahaba, mwanangu. Asante," alisema Mzee.

Gari lilisogea hatua chache nje ya geti. Mzee akamwambia Redio asimamishe. Redio alianza kusema kwamba askari hawa siku hizi hawavai hata miwani, akaishia katikati.

"Waipa inalia toka daraja la kwanza," Mzee alisema. "Miaka thelathini na moja kwenye lori, nisijue ukungu? Wewe nilijua unatania, ndiyo kazi yako. Ndiyo maana niliomba mkono." Akageuka kwa binti. "Mkono ukasema kweli. Nikaona basi, waipa ndiyo mbovu."

"Baba..."

"Kule juu ulinifinya mara ngapi?"

"Mara moja."

"Nilikuwa naangalia nini?"

"Tangi la maji."

Mzee aliipigapiga kofia gotini kuikung'uta, taratibu, pande zote.

"Nitakaa na kaka yako," alisema. "Yeye namjua ni mwongo, akiongea najua pa kumweka. Wewe nenda shule yako. Jumatatu, siyo? Nilikuwa nakusikia unaifungua ile barua kila usiku. Ungeniambia tu unavyoitaka, ningekwenda hata kulala stendi."

Redio aligeuka mzima mzima, mdomo wazi. Wifi alisema kwamba kile chumba cha nyuma kinavuja. Mzee akajibu kwamba yeye hatauona huo uvujaji, asihangaike.

Kisha akaomba kukaa mbele. Wifi ikabidi ahamie nyuma. Binti alishuka kumshika baba yake mkono kama siku zote, lakini Mzee alishapata mlango, akafuata bati la gari kwa vidole mpaka mbele, akaingia, akajifunga mkanda mwenyewe.

Waliendesha kilomita kadhaa. Mkono wa binti ulibaki juu ya kiti, kiganja juu, kwa mazoea.

"Redio," alisema Mzee. "Nje kuna nini?"

"Lami tu, Baba. Na giza linaanza."

"Weka tembo."

"Baba, nisamehe."

"Nimesema weka tembo. Na huko kwako utaweka kila siku, asubuhi na jioni, mpaka nife. Kumi na mmoja. Kile kitoto usikisahau."

Redio akasafisha koo. Akaanza na yule wa kwanza, na Mzee akageuzia uso dirishani, akawa anamsahihisha.

Wifi hakucheka.