Mama Amekubali

Kama kuna mtu Kyuso nzima aliyejua kudharau, basi ni Mwongeli. Alidharau kwa bidii, bila likizo. Alikuwa na kinu cha kusaga nafaka nyuma ya soko, na kila aliyeleta gorogoro lake la mahindi au mtama aliondoka na unga laini pamoja na hukumu asiyoijua: huyu anasali kwa sauti ili majirani wasikie, huyu huchanganya mchanga kwenye ndengu, huyu alioa kwa sababu alichoka kujifulia. Lakini mtu aliyemdharau kuliko wote, asiyempa nafuu hata siku moja, alikuwa yeye mwenyewe. Sweta aliyoivaa jua la Februari likiwaka ilikuwa ya kuficha mikono, na mikono ilikuwa na makovu ambayo hakuna mtu mwingine aliyemtia.

Mwezi wa Agosti mumewe, Jonah, alipiga simu kutoka Sultan Hamud alikokuwa na duka la vipuri. Alisema harudi tena, amepata mtu. Alisema hivyo kwa adabu, kama anayeahirisha miadi, na hiyo adabu ndiyo iliyommaliza Mwongeli. Alivunja kila kilichovunjika ndani ya nyumba, kisha akajigeukia yeye. Binti yao wa miaka minane alikaa chini ya kitanda tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja, majirani walipoupiga mlango teke wakaingia. Kesho yake mama mkwe alikuja na begi, akamchukua mtoto.

Mtoto aliitwa Syombua, jina la huyohuyo nyanya yake, kama desturi inavyotaka kwa binti wa kwanza. Mama mkwe alilitumia jina hilo kama hati ya shamba. "Huyu ni mimi," aliwaambia watu. "Mtu anaweza kunyang'anywa yeye mwenyewe?" Kwa mpango huo wa majina Mwongeli alikuwa mama wa mama mkwe wake, lakini hakuna aliyewahi kumpa heshima ya cheo hicho.

Kesi ilifika kwa naibu chifu, Bwana Muindi, mtu mnene aliyeamua mambo haraka ili apate kuketi kivulini. Alisema Mwongeli ahudhurie mafunzo ya kituo cha afya miezi mitano, kisha watakaa waone kama mtoto atarudi. Ndiyo maana kila Jumatano, kinu kikiwa kimefungwa, Mwongeli aliketi kwenye chumba kilichopakana na friji ya chanjo, pamoja na watu wazima watano aliowadharau mmoja mmoja.

Tiba yenyewe iliitwa DBT. Jina lake refu lilikuwa la Kizungu, na Gedion, mshauri aliyeifundisha, hakuwahi kulimaliza kwa pumzi moja. Alikuwa kijana msafi mwenye sauti ya kutangaza vifo redioni. Alieleza kwamba kuna watu ambao hisia zao hupanda upesi, hukaa juu, na hushuka shingo upande. Watu hao hawahitaji kuombewa tu wala kukemewa, wanahitaji kufundishwa ujuzi na kuufanyia mazoezi, kama mtu anavyofundishwa kuendesha baiskeli. Kisha akagawa kadi. Kila siku uandike: leo hamu ya kujiumiza ilikuwa ngapi, kutoka sifuri hadi tano. Mwongeli aliitazama kadi kama mtu aliyepewa risiti ya kitu ambacho hakununua.

Wiki ya tatu Gedion alileta karai la maji baridi. Hisia zikipanda mno, alisema, tumbukiza uso, zuia pumzi, mwili wenyewe utatulia. Watu wazima sita wakapanga foleni kuinamia karai kama ng'ombe kwenye birika. Mwongeli alicheka mpaka akatolewa nje. Siku nne baadaye mteja mmoja alimwita "yule wa kichwa" mbele ya watu, Mwongeli akaona giza, akakimbilia pipa la maji nyuma ya kinu na kutia uso mzima humo, kilemba na vyote. Alipoinuka akitiririka maji, wimbi lilikuwa limepita. Ilimuudhi sana kwamba ilifaa.

Zoezi lililomshinda kabisa lilikuwa la kueleza bila kuhukumu.

"Sema tu kile macho inaona," Gedion alimwambia. "Usiongeze chumvi."

"Naona mwalimu anasoma kwa karatasi kitu yeye mwenyewe hajawahi kuhitaji."

"Hiyo ni hukumu, mama."

"Hiyo ni macho."

Hibaq, mke wa Nuradin mwenye duka la jumla, alicheka mpaka akajifunika uso kwa shela. Hibaq ndiye pekee mle ndani ambaye Mwongeli alishindwa kumdharau ipasavyo. Hakulia ovyo, na alikuwa na ulimi.

Ulimi huo ulionekana siku Gedion alipoandika ubaoni neno KUKUBALI na kulipigia mistari miwili.

"Kitu kikishatokea, kimetokea," alisema. "Ukikataa kwamba kimetokea, unaumia mara mbili. Kwa hivyo tunakubali. Kabisa kabisa."

"Ndugu yangu Shire aligongwa na lori hapo barabarani," Hibaq alisema. "Mimi nikubali? Nani aliniuliza?"

"Si kukubali ya kusema ni sawa, mama."

"Sasa ni kukubali gani?"

Gedion aliangalia karatasi zake. Karatasi, bila shaka, zilikuwa za Kizungu, na huko Kizunguni walikuwa na neno lao la kazi hiyo. Yeye alikuwa na moja tu, linalotumwa kila mahali kama punda wa kijiji. Bibi harusi hukubali, mshtakiwa hukubali, na sasa mfiwa naye aliambiwa akubali. Alijikohoza na kusema wataendelea wiki ijayo.

Mwongeli alikwenda nyumbani akimcheka njia nzima. Alipofika alichukua ufagio, akainama kufagia chini ya kitanda, na ufagio ukatoa kandambili moja ya mtoto. Aliketi sakafuni nayo mkononi. "Alikaa hapa," alisema peke yake, kwa sauti. "Masaa matatu. Ni mimi nilimtisha." Hakuongeza kwamba Jonah ni mbwa, ingawa neno hilo lilikuwa tayari mdomoni. Hakuongeza kwamba yeye mwenyewe ni takataka, ingawa hilo lilikuwa karibu zaidi. Alilia hadi akachoka, na hakuna kilichovunjika. Kwenye kadi aliandika mbili. Hakuwa ameshuka hadi mbili tangu aanze.

Miezi mitano ilipotimia waliitwa ofisini kwa naibu chifu, Alhamisi asubuhi. Muindi alikaa nyuma ya meza na kitabu chake cha kesi. Mzee Kimeu alikuja kwa niaba ya ukoo, Gedion kwa niaba ya kituo cha afya, na mama mkwe kwa niaba yake mwenyewe, yaani kwa niaba ya Syombua wote wawili. Mtoto aliachwa barazani kwenye benchi, na begi lake. Mwongeli alipita karibu naye akamsalimia, naye akaitikia kwa kuangalia viatu vyake. Mwongeli alijua vizuri kilichokuwa mezani: akilipuka leo, hata kidogo, mtoto harudi tena.

"Mama Syombua," Muindi alianza, "hiyo maneno ya Agosti. Ilitokea ama haikutokea?"

"Ilitokea."

"Na mtoto alikaa chini ya kitanda?"

"Alikaa. Saa nane mpaka saa kumi na moja. Mimi ndio nilifanya aingie huko. Hiyo nimekubali. Na nimekubali saa hii ako kwa nyanyake, anakula vizuri, anaenda shule. Nimekubali yote vile iko."

Neno hilo alilisema bila kusita. Gedion alitikisa kichwa kwa fahari, kana kwamba ni yeye aliyelizaa. Muindi aliandika kwa muda mrefu, ncha ya ulimi ikiwa nje, kisha akasoma: "'Mama amekubali makosa yake yote. Pia amekubali mtoto akae kwa nyanyake.' Weka sahihi hapa. Mungu akubariki, mama, umeturahisishia kazi." Mzee Kimeu alikuwa tayari ameshika kofia yake. Mkutano mzima ulikuwa umechukua dakika kumi, nao waliona fahari juu ya hilo, wajinga wale.

Joto lilimpanda Mwongeli kutoka tumboni hadi masikioni. Meza ilikuwa nyepesi. Aliyajua mambo ya meza nyepesi. Ndipo akamwona mama mkwe akivuta kiti chake nyuma, taratibu, akiuweka mkoba kifuani. Alikuwa anangoja. Alikuwa amefunga safari ya asubuhi nzima kuja kutazama meza ikiruka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekata tiketi ya mbele.

Mwongeli alikalia viganja vyake.

"Naona karatasi," alisema polepole. "Naona mstari ya kwanza, hiyo ni yangu. Naona mstari ya pili. Hiyo mimi sikusema."

"Umesema umekubali. Sisi wote tumesikia."

"Nimekubali vile iko. Sijasema ikae hivyo."

"Mama, usinizungushe. Unakubali ama unakataa? Chagua moja."

Angesema amekataa, wangeandika amekana makosa. Akamgeukia Gedion. Gedion alisimama, akanyoosha tai. "Chifu, hii kukubali ni ile ya... yaani ni acceptance, si agreement. Ni concept ya—"

"Kiswahili, daktari," Muindi alisema.

Gedion akaketi. Miezi mitano ya chaki, na siku ya kuhitajika kijana amekuwa bubu. Mwongeli hakupoteza wakati kumdharau; alimwekea hiyo kwa baadaye.

"Mzee Kimeu," alisema, "mvua ya mwezi wa kumi ilinyesha kwako?"

"Wapi! Siku mbili, ikapotea. Ndengu ilikauka ikiwa na maua."

"Na umekubali?"

"Sasa nitafanya nini, mwanangu? Nimekubali."

"Basi chifu aandike: Mzee Kimeu amekubali mvua isinyeshe tena Kyuso."

Mzee Kimeu aliirudisha kofia gotini. Alifikiri, mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akafuta macho. "Toa hiyo mstari, Muindi," alisema. "Kesho utaniandikia mimi pia, watu wanifukuze." Muindi alinung'unika, akaupiga mstari wa pili kalamu, mara mbili, kwa hasira ya mtu anayechafuliwa kitabu.

"Maneno tamu," mama mkwe alisema. Hakuwa akicheka. "Hata ile siku, asubuhi, alikuwa na maneno tamu. Alimsuka nywele hiyo asubuhi. Mchana nikaitwa."

Mwongeli alikuwa na majibu kumi ya kumvua nguo mama huyo mbele za watu, kuanzia na malezi ya Jonah. Lakini aliyoyasema mama mkwe yalikuwa kweli, neno kwa neno, na hakuna tusi lililoweza kuyafanya yasiwe kweli.

"Ni kweli, mama," alisema.

Muindi, aliyekwisha kuchoka na watu wasiochagua moja, aliamuru mtoto aitwe. Syombua mdogo aliingia na sweta ya shule, akasimama katikati ya chumba. Hakumtazama mama yake usoni. Alitafuta mikono. Mwongeli aliitoa chini ya mapaja, akaiweka juu ya meza, viganja wazi.

"Unataka kukaa wapi?" Muindi aliuliza. "Sema ukweli, hakuna mtu atakuchapa."

"Naweza kwenda kwa mama."

Mama mkwe alifungua mdomo, lakini mtoto alikuwa hajamaliza.

"Lakini ufunguo ya chumba nikae nayo mimi."

"Ufunguo gani?"

"Ile ya kujifungia na ndani. Siku ile ilikuwa kwa mama. Ndio nikaingia chini ya kitanda."

Muindi aliangalia kitabu chake, Gedion sakafu. Maneno hayo yalimchoma Mwongeli kuliko lolote alilowahi kujifanyia. Alitafuta mtu wa kumlaumu chumbani mle, alitafuta hata yeye mwenyewe, aliyekuwa karibu siku zote, lakini hapakuwa na nafasi ya hayo. Mtoto alikuwa anangoja jibu.

Alitoa fungu la funguo mfukoni. Pete ya funguo ilikuwa ngumu. Ukucha wake ukavunjika kabla pete haijaachia. Aliuvuta ufunguo mdogo, akamnyooshea mtoto juu ya meza.

Syombua mdogo aliupokea, akaugeuza pande zote mbili. "Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe."

"Na hakuna ingine?"

Angeweza kusema hakuna. Nyanya mtu alikuwa anatazama, chifu ameshika kalamu, na jibu hilo moja lingemaliza kila kitu.

"Iko ingine," Mwongeli alisema. "Iko kwa kinu, kwa droo. Tukifika nitakupatia hiyo pia."

Mtoto alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo. Kisha akautia ufunguo mfukoni mwa sweta, akafunga kifungo, akaenda barazani kuchukua begi lake.